Kopo la Vifungo

Siku Bi Mkasi alipoteleza bafuni akavunjika mkono wa kulia, wanawake kumi na mmoja wa karakana ya sare za shule waliacha kukanyaga cherehani, wakageuza shingo kumtazama mtu mmoja tu. Mtu huyo akainama, akajitia kutafuta sindano sakafuni, na sindano yenyewe ilikuwa imechomekwa kifuani pake kama siku zote.

Habari ililetwa na tajiri, mwenye karakana. Alisimama mlangoni, funguo zikilia mkononi, akasema mambo yake kwa kifupi kama alivyozoea.

"Bi Mkasi kafungwa plasta mpaka juu ya kiwiko. Wiki sita. Kitambaa kinashuka Alhamisi, Ijumaa lazima kikatwe. Nani anakata?"

Kushona walijua wote, wengine hata ungewafumba macho. Lakini kukata ni habari nyingine. Mshonaji akikosea anafumua, anaanza upya. Mkataji akikosea hana cha kufumua. Pale mezani kitambaa kilitandazwa tabaka arobaini, moja juu ya nyingine, kisha mashine yenye kisu kilichosimama ikapitishwa mara moja. Kosa moja la mkataji lilikuwa makosa arobaini.

"Kushoto si anajua?" alisema mpiga pasi kutoka kwenye kona yake ya mvuke. Wenzake walimwita Redio, kwa kuwa hakuwa na kitufe cha kuzimia. "Amemtandazia Bi Mkasi kitambaa miaka mitano. Au tuwatafute kabisa watoto wenye mikono miwili ya kushoto?"

Vicheko vikazagaa. Hata aliyetaniwa alicheka, maana alikuwa amezoea kuwahi kujicheka kabla wenzake hawajamaliza. Jina la Kushoto alilipata mwaka wake wa kwanza pale. Bi Mkasi alikuwa msibani, naye akajitolea kukata mikono ya mashati. Alichukua pateni, kile kipande cha karatasi ngumu chenye umbo la mkono wa shati, akakizungushia chaki. Akachora tena pembeni yake bila kukigeuza. Ikatoka mikono themanini, yote ya kushoto. Tajiri hakumfukuza. Alimhamishia kwenye kutandaza kitambaa na kushona vifungo, na jina likamganda kama doa la kutu kwenye shati jeupe.

"Mimi siwezi, tajiri," alisema, angali ameinama. "Mimi ni wa kuharibu tu. Unanijua."

Tajiri aliutazama utosi wake. "Basi sikilizeni. Kama hakuna wa kukata hapa, kitambaa nakipeleka kwa wenzetu kule ng'ambo ya barabara kuu. Na wakikata wao, watashona wao. Hapa tutafunga mpaka Bi Mkasi apone." Akageuka aondoke, kisha akarudisha uso. "Nataka jibu Alhamisi."

Cherehani zilianza tena kulia, ila kwa unyonge. Hakuna aliyemlaumu Kushoto kwa mdomo. Jirani yake wa kiti cha pili, mwenye mimba ya miezi saba, alishusha pumzi tu, akatia uzi kwenye sindano mara tatu bila kupata tundu.

&nbsp;

Nyumbani kwa Kushoto palikuwa na vyumba viwili vilivyotenganishwa na pazia. Alipofika, binti yao wa miaka tisa alikuwa amelala kifudifudi sakafuni, anapiga mistari kwenye daftari. Walimwita Kifungo tangu alipokuwa na mwaka mmoja, alipomeza kifungo cha shati la shule, na nyumba nzima ikakaa siku mbili ikimsubiri kwa heshima kubwa aende chooni. Baba yake, kinyozi mwenye kibanda mtaa wa pili, alikuwa akisafisha mashine ya kunyolea kwa mswaki mkuukuu.

"Mama Kifungo, mbona uso huo?"

Akamweleza yote, huku akisugua sufuria.

"Na wewe utakata?"

"Nikate nini, baba? Mimi nikigusa kitu kinaharibika." Mfuniko ukamponyoka, ukazunguka sakafuni kwa kelele. "Ona. Hata mfuniko unanishinda. Kichwa maji."

Alisema hayo kama mtu mwingine anavyokohoa, wala mumewe hakuinua uso. Mle ndani maneno yale yalikuwa kama sauti ya bomba linalovuja, waliishi nayo.

Kifungo alikuwa anafuta mstari uliopinda. Karatasi ikachanika. Mtoto akafyonya, akatikisa kichwa polepole, mkono kiunoni.

"Mimi nami," alisema. "Nikigusa kitu kinaharibika. Kichwa maji."

Kinyozi aliangua kicheko. "Haya, sasa ninao wawili."

Mama hakucheka. Aliona hata ule mtikiso wa kichwa ulikuwa wake, na ule mkono kiunoni ulikuwa wake. Akaweka sufuria chini.

"Nani kakuambia wewe ni kichwa maji?"

"Hakuna."

"Mwalimu?"

"Hapana, mama." Mtoto alimshangaa. "Si ndivyo watu wanavyosema wakikosea?"

Mama alikaa kwenye ukingo wa kitanda, mikono ikidondosha maji. Alikuwa amemfundisha huyu mtoto kunawa, kusalimia, kufunga kamba za viatu. Hili hakukumbuka siku aliyomfundisha. Aliinuka, akachomoa chini ya kitanda mfuko wa vifungo vilivyobakibaki, vya rangi na ukubwa mbalimbali, na kopo tupu la maziwa.

"Kuanzia leo, ukinisikia najitukana, tia kifungo humu."

Macho ya mtoto yalimeremeta. "Hata ukiwa umekasirika?"

"Hasa nikiwa nimekasirika."

"Na mimi nikijitukana?"

"Nitatia changu mimi."

Kabla chakula hakijaiva, kopo lilikuwa limelia mara tisa. Mara ya tisa mama alikuwa amesema, "Ama kweli mimi mjinga, kumbe nasema hivi kila wakati."

&nbsp;

Kinyozi alikuwa na dawa yake. Kesho yake asubuhi, kabla hajafungua kibanda, alimkalisha mkewe kwenye kiti cha kunyolea, akamfunga kitambaa shingoni kama mteja, akamwelekeza kwenye kioo.

"Mteja wangu mmoja, yule anayeuza simu, kila siku anajisemea maneno mbele ya kioo. Sasa hivi ana maduka mawili. Sema: mimi ni hodari."

"Kitambaa cha nini?"

"Ili utulie. Sema."

"Mimi ni hodari," alisema, kwa sauti ya mtu anayeomba maji kwenye nyumba asiyoijua.

"Mimi ni mshindi."

"Mimi ni mshindi."

"Dunia inanisubiri."

"Inanisubiri wapi?"

"Mama Kifungo, sema tu. Usiulize maswali, dawa haitashika."

Alifumbua mdomo. Kwenye kioo alimwona mwanamke mwenye vipande vya uzi mabegani na macho ya kukosa usingizi, na mwanamke yule hakuamini hata neno moja.

"Baba Kifungo, huyu namjua," alisema, akimnyooshea kidole. "Namwambia ni hodari, ananiuliza, tangu lini?"

Kinyozi alijikuna kidevu kwa kitana. Alikuwa mtu anayependa kwa moyo wote, ila nyenzo zake zilikuwa chache. "Basi ngoja nikutengeneze kisogo," alisema. Akamtengeneza, taratibu, akampuliza shingoni, wakacheka wote wawili. Lakini mama alipotoka pale, yale maneno aliyaacha kwenye kiti pamoja na nywele zilizokatwa.

Kazini alitia vifungo kwenye mfuko wa kushoto wa aproni. Kila alipojisikia anajitukana, kwa sauti au kimoyomoyo, alihamishia kimoja mfuko wa kulia. Sindano ilimchoma: kifungo. Jirani alimwomba mkasi akampa futi ya kupimia: kifungo. Redio alipita akasema, "Kushoto, nasikia Ijumaa unatuonyesha maajabu," naye akajibu, "Mimi na maajabu wapi na wapi, mtu kama mimi," na mkono ukaenda mfukoni wenyewe. Ilipofika jioni mfuko wa kulia ulikuwa mzito hadi aproni inakaa upande.

"Ishirini na sita," Kifungo alitangaza, akivipanga mkekani. "Na kwenye kopo vinatokaje?"

Hilo mama hakulifikiria.

"Nimejua," mtoto alisema. "Useme kitu kizuri chako. Lakini kiwe cha kweli. Naamua mimi."

"Haya. Mimi ni hodari."

"Nani kasema?"

"Baba yako."

"Hakitoki."

Sauti ikatoka nyuma ya pazia: "We mtoto, una ugomvi na mimi?"

Mama alifikiri. Alifikiri kwa muda mrefu, kama anayepapasa kitu chini ya kitanda gizani. "Nguo zako zote nimezishona mimi," alisema mwishowe. "Na hakuna hata moja iliyofumuka."

"Ile ya njano?"

"Ile uliikwamisha kwenye waya. Ilichanika, haikufumuka."

Kifungo alikunja uso kama hakimu. "Kweli. Toa kimoja."

"Nimesema mawili."

"Toa viwili."

Yalikuwa maneno madogo, hayana mapambo. Lakini mama aliona ajabu moja: hayakumkwama kooni. Yule mwanamke wa kwenye kioo angeulizwa, naye angekubali. Akaendelea. Mwaka huu hakuchelewa kazini hata siku moja. Kweli, toa. Alipoumwa mwenzake wa kiti cha pili, alimshonea vifungo vyake bila kumwambia mtu. "Nani alikuona?" "Hakuna." Mtoto akafikiri tena. "Toa, lakini usirudie kuleta vitu visivyo na shahidi."

"Najua kutandaza kitambaa tabaka arobaini bila mkunjo hata mmoja."

"Hicho sijakiona. Siwezi kuamua."

"Basi kibaki," mama alisema, na kifungo kimoja kikubwa cha koti, cheusi, kikarudi ndani ya kopo.

&nbsp;

Jumatano alipotoka kazini alipitia kwa Bi Mkasi. Alikuwa amepanga maneno yake njia nzima. Bi Mkasi amwambie tajiri kwamba kitambaa kipelekwe tu ng'ambo. Ikitoka kinywani mwake haitakuwa aibu kwa mtu.

Bi Mkasi alikuwa ameketi kitandani, mkono umeninginizwa shingoni kwa mtandio, uso umekunjamana.

"Umekuja kunipa pole au kunililia?"

"Vyote viwili, Bi Mkubwa."

"Anza na kunikuna. Humo ndani ya plasta. Chukua ile sindano ya kufumia."

Kushoto akamkuna. Bi Mkasi akafumba macho. "Hapo hapo. Shuka kidogo. Aaa. Sasa sema."

"Nataka umwambie tajiri akipeleke kitambaa."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mimi..." Ulimi ulikuwa tayari, na mkono umeshaingia mfukoni. Akausimamisha. Alitafuta neno jingine, la kweli. "Kwa sababu naogopa."

"Hata mimi naogopa. Kila nikiiwasha ile mashine. Hujaniona nikifuta viganja kwenye sketi?"

Alikuwa amemwona, miaka mitano, akadhani ni joto.

"Nikuulize," Bi Mkasi aliendelea, sasa akitazama ukutani. "Mwaka huu nimesahau kugeuza pateni mara ngapi?"

Kushoto akaichezea sindano ya kufumia. Mtu hamwambii mkubwa jambo kama hilo, tena akiwa mgonjwa.

"Sema. Mkono umevunjika, masikio mazima."

"Mara mbili, Bi Mkubwa."

"Tatu. Ile ya tatu hukuniambia. Nilikwenda kunywa maji, ukaigeuza ukafuta chaki ukachora upya, ukadhani sikuona." Alivuta pumzi. "Niliona. Na nilichukia, maana mtu wa umri wangu hapendi kushikwa mkono mbele za watu. Ndiyo sababu sijawahi kuwanyamazisha wakikuita Kushoto. Ningewanyamazisha, ingebidi niwaambie kuwa nami nasahau. Hilo ni langu, si lako."

Sindano ya kufumia ilibaki hewani mkononi mwa Kushoto. Mara tatu, mikono themanini kila mara, ilikuwa imeponea kwake. Alilijua hilo. Ila hakuwahi kulihesabu kuwa ni kitu, kwa sababu makosa yake ndiyo yaliyokuwa na jina, na mema yake hayakuwa nalo.

"Siwezi kukuambia utaweza," Bi Mkasi alisema. "Sijui. Labda utaharibu, labda hutaharibu. Lakini usinitume kwa tajiri kumpelekea uongo."

Mlangoni akamwita tena. "Hebu rudi. Kuna mahali hujanikuna."

&nbsp;

Alhamisi majora ya kitambaa cheupe yalishushwa, yakasimamishwa ukutani kama wageni waliokosa viti. Tajiri alisimama katikati.

"Jibu?"

Kushoto aliinuka. "Nitakata mimi. Nitaanza na mikono."

Wanawake wakatazamana. Redio akaisimamisha pasi. "Na mikono tena? Mimi kesho pasi siwashi, nisije nikakosa kuona."

Palikuwa na nafasi pale, nafasi aliyoizoea, ya kujicheka yeye kwanza. Wote walimpisha aitumie. Hakuitumia.

"Vizuri," alisema. "Utakuwa huna kazi. Njoo unishikie upande wa pili wa kitambaa, uone kwa karibu."

Redio akaichukua pasi yake, akaipiga tena kola aliyokwisha kuipiga. Tajiri alikohoa, akaondoka na funguo zake.

&nbsp;

Ijumaa walitandaza tangu asubuhi. Kushoto upande huu, Redio upande ule, wakienda na kurudi urefu wa meza, kitambaa kikipaa na kutua, uso juu, uso juu, uso juu. Kila tabaka aliipapasa kwa kiganja kilicho bapa mpaka mkunjo wa mwisho ukakimbilia ukingoni. Redio alianza kwa maneno, na ilipofika tabaka ya kumi alikuwa anahema tu.

"Kumbe kazi," alinong'ona.

"Vuta kidogo kwako. Basi."

Tabaka ya arobaini ilipolala, meza ilikuwa kama kitanda kilichotandikwa na mama mkwe. Kushoto alichukua pateni ya mkono. Wenzake wakasogea mezani.

Alianza kusema kwa sauti. Si kwa ajili yao, bali kwa ajili ya ule ulimi wake, usipate nafasi. "Hii ni pateni. Huu ni upande wa mbele wa kwapa, huu wa nyuma. Nachora wa kushoto." Chaki ikatembea. "Sasa nageuza." Akaiinua karatasi juu, wote waione, akaigeuza. "Nachora wa kulia. Mara tatu nimeigeuza hii kwa ajili ya mtu mwingine. Leo naigeuza kwa ajili yangu."

Akafuta viganja kwenye sketi. Akawasha mashine.

Kisu kiliingia kwenye kitambaa kwa mngurumo mzito, naye akakifuatisha mstari, polepole palipopinda, bila kusita paliponyooka. "Nakwenda na chaki. Niko juu ya chaki. Sijachelewa kazini mwaka mzima. Niko juu ya chaki." Mwenye mimba alijiziba mdomo kwa mkono, asijulikane kama anacheka au anaomba. Mikono ikatoka. Migongo ikatoka, vifua vikatoka. Tajiri aliingia bila kubisha, akasimama nyuma yake.

Ilikuwa kwenye kola kubwa. Labda ni kile kivuli cha tajiri mezani, labda ni uchovu tu. Mashine iliyumba, kisu kikatoka kwenye chaki, kikaingia ndani kiasi cha vidole viwili. Tabaka zote arobaini.

Akaizima.

Kimya kile alikijua. Alikuwa amekisikia mara moja maishani, na kilimpa jina. Maneno yalikuja yote kwa pamoja, yakapanga foleni nyuma ya meno: mimi nami, nilijua tu, mimi ni wa kuharibu. Aliyasikia kabisa, kwa sauti yake mwenyewe. Kisha akayasikia kwa sauti ya mtoto wa miaka tisa, mkono kiunoni.

"Nimekosea hapa," alisema.

"Nini?" tajiri aliuliza.

"Hapa. Kola za saizi kubwa. Kisu kimeingia vidole viwili." Alichukua futi, akapima. "Kwa saizi kubwa hazifai tena. Kwa saizi ndogo zinafaa, nikizipunguza huku. Saizi ndogo sijaikata bado. Pale nilipoichora, na hiki kitambaa kilichobaki ukingoni, panaenea kola kubwa."

Tajiri aliichukua futi akapima mwenyewe. Akapima tena. Alizunguka meza, akainama ukingoni, akahesabu kwa midomo.

"Panaenea," alisema. Akamrudishia futi. "Endelea. Mimi nitasimama kule, nisikuzibie mwanga."

Akaendelea. Alipomaliza kola ya mwisho na kuizima mashine, masikio yalikuwa bado yananguruma. Hakuna aliyepiga makofi. Redio alikwenda kwenye rundo la mikono, akachomoa mmoja juu na mwingine wa rundo la pili, akajipachika mabegani juu ya blauzi yake, akajitazama huku na huku.

"Wa kushoto," alisema. Akageuza bega. "Na wa kulia."

Akairudisha kwenye marundo yake kwa uangalifu, akaenda kuwasha pasi. "Mkataji," alisema bila kugeuka, "hizi kola unaniletea au nizifuate?"

&nbsp;

Jioni kinyozi alifunga kibanda mapema, jambo ambalo hakulifanya hata alipokuwa na homa. Mama alikuwa ameketi mkekani, miguu imenyooshwa, akila kwa mkono unaouma mpaka begani. Kifungo alikuwa na kopo mapajani.

"Leo nimekosea kola arobaini," mama alisema.

Mkono wa mtoto uliingia kwenye mfuko wa vifungo, ukasimama. "Hilo ni tusi?"

"Wewe ndiye mwamuzi."

Kifungo alifikiri. "Hapana. Hilo ni jambo lililotokea." Akakirudisha kifungo mfukoni. "Halafu?"

"Halafu nikazitengeneza." Akatoa kwenye aproni vipande viwili vya karatasi laini alivyokata kwa kufuata pateni ya mkono, akavilaza mkekani, kimoja kikitazamana na kingine. Akamweleza tabaka arobaini zinavyotandazwa. "Na shahidi ninaye. Anaitwa Redio. Muulize siku yoyote, atakueleza hata usipomuuliza."

Mtoto akachungulia kopo. Vingine vilikwisha kutolewa kimoja kimoja jioni zile; kilibaki kile kifungo cheusi cha koti. "Basi hiki kinatoka. Lakini ukisema kimoja tu, kikubwa. Maana kifungo chenyewe kikubwa."

Kinyozi aliacha kutafuna. Alitaka sana kumsaidia, midomo yake ilishaanza kutengeneza neno, lakini alijizuia.

"Mimi ni mkataji," mama alisema.

Hakulisema kwa kishindo. Alilisema kama mtu anayetaja anapoishi.

Kifungo aliinua ile mikono miwili ya karatasi kwenye mwanga wa taa, akaipachika mabegani pake, mmoja mmoja, akainamisha shingo kuhakikisha. Wa kushoto ulikaa kushoto. Wa kulia ulikaa kulia.

"Kweli," alisema. "Toa."

Kisha akarudi kwenye daftari lake, maana hesabu zilikuwa hazijaisha. Mama alianza kukusanya vyombo. Nyuma yake alisikia penseli ikikwaruza, ikisimama. Alisikia raba ikisugua, na mgongo wake wote ukasubiri.

"Hapa nimekosea," mtoto alisema peke yake. Akapuliza vumbi la raba, akaandika upya.